Maji Yamegoma Palepale

Itogon, 12 Februari 1995

Dada Erminda,

Shikamoo. Huku kwetu tunaamka, tunalala, siku zinakwenda. Kikohozi cha Mama kimepungua tangu ulipomtumia ile dawa ya kuchua, ingawa yeye anadai kilichomponya ni pombe ya mchele. Mke wangu Karina amejifungua salama, mtoto wa kike, mnene, ana hasira kama wewe. Mama amekataza tusimpe jina mpaka Baba azikwe, kwa hiyo tunamwita Mtoto tu, na anaitika.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Baba bado yumo handakini. Tangu tufani ya Oktoba, alipotoboa ukuta wa handaki la zamani na maji yakaja kuujaza mteremko wote alimokuwa anachimba dhahabu, hatujaacha kujaribu kumtoa. Pampu ya binamu Lawana ni nzima. Ukiiwasha maji yanashuka vizuri, watu wanaanza kucheka. Yakifika kwenye ule mwamba wenye nundu nyeupe, basi. Injini inanguruma, mpira unakohoa hewa, na maji hayashuki hata upana wa kidole. Tumebadili plagi, tumebadili mafuta, tumeondoka tukarudi baada ya wiki. Yanagoma palepale.

Mzee Tocdangan ameshakuja mara kadhaa kuzungumza na mizimu. Anasema ni Baba mwenyewe anayeyashika maji, hajaridhika. Tulichinja nguruwe mmoja, akataka mwingine, tukamchinja hadi yule jike mkubwa wa Mama. Sasa ametaka nyati wa kulimia. Mama hana nyati, ila ana shamba la chini la mpunga, na ameshaanza kuongea na watu walichukue, apate pesa ya nyati.

Wewe unajua Mama akishaamua. Ndiyo maana nakuomba, huko uliko kuna maduka ya kila kitu, tutafutie pampu yenye nguvu kuliko ya Lawana. Yoyote ile, mradi iwe na nguvu. Mjini Baguio nimeuliza, bei zinanishinda.

Nimechoka, Dada. Wote tumechoka.

Ni mimi mdogo wako,
Pulmano


Hong Kong, 5 Machi 1995

Pulmano,

Marahaba. Hongera kwa Mtoto, na mwambie Karina asifunike sana kichwa chake, hewa ya huko si baridi kama mnavyodhani. Mimi nipo. Mzee ninayemtunza amelazwa tena, ametolewa tena. Kumgeuza kitandani kumenipa mgongo wa bibi kizee. Jumapili nakaa bustanini na wenzetu wa mkoa wetu wa Benguet, tunakula viazi vitamu vya makopo na kusema uongo kuhusu nyumbani.

Barua yako niliisoma mara nyingi na kila mara nilikasirika mahali tofauti. "Yoyote ile, mradi iwe na nguvu." Hivi mimi nikamwambie muuza duka hivyo? Nilikwenda mtaa wa vyuma, maduka yamefuatana, pampu zimepangwa mpaka barabarani, nyekundu, buluu, nyingine ndogo kama sufuria, nyingine siwezi kuzikumbatia. Yule mwenye duka ni mzee, Kiingereza chake kibovu kama changu, tukaelewana. Akaniuliza mambo ambayo sikuwa na jibu hata moja. Nijibu haya, na unijibu yote, usinizungushe kama kawaida yako.

Pampu mnaiweka wapi? Mdomoni mwa handaki au ndani? Kutoka ilipo pampu mpaka kwenye hiyo nundu nyeupe, kwenda chini, si kwa mshazari, ni mita ngapi? Mpira wa kuvutia maji ni wa aina gani, ule mgumu wenye mbavu au ule laini unaokunjwa kama shuka? Maji yana tope kiasi gani?

Na jingine, ambalo mwenye duka hakuuliza, nauliza mimi. Najua Baba alikuwa amefikia mwamba mzuri kabla ya mafuriko, aliniandikia mwenyewe. Hao wanaume wanaokusaidia wanamtafuta Baba au wanatafuta dhahabu?

Mwambie Mama asiliguse shamba mpaka nimjibu. Mwambie nimesema mimi.

Dada yako,
Erminda


Itogon, 16 Aprili 1995

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Usiudhike na kuchelewa kwangu. Njia ya kwenda posta ilimeguka, halafu ikawa msimu wa kupandikiza mpunga, halafu nikawa sina la kuandika. Mama anasali na kuchinja, hajui ni kipi kitafika kwanza. Mtoto ameota jino.

Pampu tunaiweka mdomoni. Nilipima kwa kamba yenye jiwe: kutoka pampu hadi nunduni ni kama mita saba na kitu, na kutoka hapo mpaka chini kabisa huenda ikawa kumi na nne nyingine. Maji ni tope, rangi ya chai ya maziwa.

Utauliza kwa nini hatuishushi pampu karibu na maji. Tulijaribu mwezi wa kumi na moja. Moshi wa petroli ulijaa humo, Lawana na shemeji yake wakaanguka, tukawatoa kwa kuwaburuta miguu. Lawana alitapika siku nzima. Tangu hapo hakuna anayekubali, na mimi pia sikubali. Mzee Tocdangan alisema na hilo ni Baba, anatufukuza.

Kuhusu wanaume. Sitakudanganya. Wanamtafuta Baba, na wanatafuta mwamba. Mtu hawezi kuacha shamba lake miezi yote hii abebe madumu ya petroli mlimani kwa ajili ya machozi ya Mama peke yake. Tumekubaliana Baba akitoka, akazikwa, siku za mwiko zikaisha, watachimba na sisi na kila mmoja atapata fungu lake. Ndivyo Baba mwenyewe angefanya. Wewe umekaa huko muda mrefu, usitupime kwa mizani ya huko.

Mama nilimpa ujumbe wako. Akasema, "Erminda analisha nyumba hii, lakini hamlishi baba yake." Mtu wa kulichukua shamba amekuja kulitazama. Bado hawajapeana mikono.

Kinachonifariji ni kimoja. Watu wote wanasema maji yalikuja kwa kishindo, kwa hiyo Baba hakuteseka, ilikuwa mara moja tu. Ninalishika hilo ninapolala.

Pulmano


Hong Kong, 7 Mei 1995

Pulmano,

Nimeona umejibu yote isipokuwa la mpira. Kwa hiyo ni ule laini unaokunjwa. Nilijua tu.

Salamu baadaye. Kaa chini usome hii polepole, na uisome kwa Lawana pia, maana pampu ni yake.

Nilimpelekea mwenye duka karatasi yako. Alipoona mita saba alianza kutikisa kichwa hata kabla sijamaliza. Pampu yoyote inayokaa juu na kunyonya maji kutoka chini inaishia mita saba, ukibahatika nane. Iwe ndogo, iwe kubwa kama lori, ni hiyo hiyo. Haina uhusiano na nguvu. Kunyonya kuna mwisho wake, kusukuma ndiko hakuna mwisho. Sikumwamini. Nikaenda duka la pili, akaniambia hivyo hivyo, na wa tatu akanicheka. Na mpira laini ukiuweka upande wa kunyonya unajibana wenyewe, kuta zinashikana. Ule ni wa kutolea maji tu. Kwa hiyo nyinyi hata hizo mita saba mlizipata kwa bahati.

Kwa hiyo, mdogo wangu, maji hayakugomea palepale kwa sababu Baba ameyashika. Yangegomea palepale hata kama ndani hamna mtu. Nguruwe wote wale. Yule jike wa Mama. Nilikaa kwenye ngazi za duka nikalia, na mwenye duka akaniletea kiti.

Sasa nilichofanya. Nimenunua pampu ya kuzamisha. Inakwenda na umeme, yenyewe inaingia majini, inakaa chini huko huko na kuyasukuma maji juu. Jenereta inabaki nje kabisa, mbali na mdomo wa handaki, kwa hiyo hakuna moshi. Alitaka kuniuzia ya maji safi, bei rahisi, nikakataa. Hii ni ya majitaka, inameza tope na vijiwe vidogo. Uwezo wake wa kusukuma unazidi kina chenu, nimeacha nafasi ya kutosha. Imekwenda kwa sanduku la meli, imefungwa ndani ya mataulo na nguo za Mtoto.

Mpira wa kutolea nunueni Baguio, mnene, wa upana sawasawa na mdomo wa pampu, msinunue mwembamba kwa kubana senti. Fungeni kwa vibanio vya chuma, viwili kila kiungo, si kwa raba za tairi. Pampu ishusheni kwa kamba, msiining'inize kwa waya wake wa umeme. Isikae juu ya tope, ifungeni ndani ya kapu la waya. Na muijaribu kwanza kwenye pipa nyumbani, msije mkaipeleka mlimani ndipo mgundue imekufa. Jenereta mwombeni padri, ya kanisani inalala tu.

Mwambie Mama. Mwambie Baba hakatai kutoka. Mwambie aliache shamba.

Erminda


Itogon, 30 Juni 1995

Dada,

Shikamoo. Sanduku limefika, limebonyea kona moja, pampu salama. Nguo za Mtoto zinamtosha mtoto wa miaka mitatu, lakini Karina anamvalisha hivyo hivyo, anaonekana kama padri. Tuliijaribu kwenye pipa. Pipa lilikauka kabla sijasimama vizuri. Lawana aliitazama, kisha akaondoka. Jioni alirudi akaniuliza, "Mita saba tu?" Nikamwambia saba. Akasema, "Basi." Tangu hapo yeye ndiye anayeshughulika kuliko wote.

Mama sijamwambia.

Usinikasirikie. Nilianza kumwambia. Nikamweleza habari za mpira na kunyonya, akanisikiliza vizuri, akauliza, "Kwa hiyo hakuwa yeye?" Nikaona uso wake. Miezi yote hii, Dada, anaamini Baba anamsikia. Kila walipochinja alikuwa anampa habari za nyumbani, mpunga umeota wapi, nani kaoa. Nikamwambia, "Alikuwa yeye, Mama. Lakini pampu ya Erminda ataikubali." Akafurahi. Mzee Tocdangan alikuja akaipaka pampu damu ya kuku, nikampa aifanyie apendavyo mradi asiguse swichi. Anasema nyati anaweza kungoja.

Shamba bado letu. Yule mtu amekasirika kidogo.

Mvua zimeanza. Padri ametoa jenereta lakini anataka irudi kabla ya sikukuu ya kanisa. Tunapanda kesho kutwa. Lolote litakalotokea nitakuandikia.

Pulmano


Hong Kong, 20 Agosti 1995

Pulmano,

Nilipata simu ya maandishi kutoka kwako mwezi uliopita: TUMEMPATA BABA. MAZISHI JUMAMOSI. USIJE. PULMANO. Niliisoma jikoni, samaki akaungua. Nilivaa nguo nyeusi Jumamosi ile na nikaendelea kumgeuza mzee.

Tangu hapo kimya. Wiki zimepita. Wenzangu wa bustanini wanajua zaidi yangu. Shemeji yake Lawana amemwandikia dada yake huku kwamba mazishi yalikuwa makubwa na kwamba Mama alikuwa anacheka. Mama kucheka? Kisha akaandika kwamba wanaume waliompata Baba wameacha kuja kunywa pombe kwenu, wanapita njia ya mbali.

Wewe mtu wa maneno, unaniandikia kurasa nzima kuhusu jino la Mtoto, halafu Baba amepatikana unakaa kimya. Mlimkuta wapi? Niambie. Mimi ndiye niliyenunua pampu, nina haki ya kujua ilitoa nini.

Dada yako


Itogon, 10 Septemba 1995

Dada Erminda,

Mama hajambo. Ananenepa. Mtoto ameshapata jina, ni Sabel, amerithi la bibi. Jenereta ya padri ilirudi kwa wakati. Mshipa wa dhahabu tumeuona, ni mpana kama kiganja, na hakuna aliyeugusa hata kwa ukucha. Lawana amesema hatachimba pale, mwaka huu wala ujao.

Nimeandika hayo yote ili nisifike hapa, na sasa nimefika.

Pampu yako ilifanya kazi kama ulivyosema. Siku ya pili nundu nyeupe ilibaki juu yetu, tukapita. Siku ya nne tuliona chini. Tope, sururu yake, kapu lake. Yeye hayupo. Tulichimba tope kwa mikono tukijua yumo, hakuwemo. Ndipo Lawana akainua taa akaona mwishoni kabisa kuna tundu linalopanda. Hatukujua. Wiki zile za mwisho Baba alikuwa anafanya kazi peke yake, unajua alivyokuwa na mwamba wake mzuri, hakutaka macho. Alikuwa ameanza kuchimba kurudi juu, akiufuata mshipa, na amechonga vikanyagio kwenye jiwe. Maji yalipokuja alipanda humo. Yalijaa chini yake yakaifungia hewa, hayakumfikia.

Nilipanda mimi. Juu kuna kijukwaa, mtu anaenea akikaa. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, miguu ameikunja, koti amelifunga vifungo vyote. Buti alizivua akaziweka pembeni sambamba, kama anavyoziweka mlangoni. Tochi yake mapajani. Ukutani hapakuwa na alama ya maji, Dada. Pakavu.

Ile wiki ya kwanza baada ya tufani tulikuwa pale juu na pampu ya Lawana, tunanyonya, tunasubiri, tunamtuma mtu kumwita Mzee Tocdangan. Huenda alikuwa anaisikia injini yetu.

Tulimshusha alivyo, amekauka akiwa ameketi. Jeneza tulikuwa tumeshachonga, refu. Hakunyooka. Nilidhani Mama ataanguka. Badala yake alimtazama, akamgusa magoti, akasema, "Mnaona? Amejikalisha mwenyewe. Amekaa kama babu yake alivyokalishwa kitini, zamani watu walipokuwa wanajua kuzika. Alijiandaa, hakutaka kutusumbua." Akawaita majirani waje waone. Mzee Tocdangan akaitikia kwa kichwa, akasema hajawahi kuona marehemu mwenye adabu kama huyu. Lile jeneza tulilipasua tukatengeneza kiti. Tulimzika ameketi, ndani ya pango la jiwe juu ya shamba la chini. Mama alicheza, Dada. Kwa miguu yake ile ya uzee. Alicheka kweli, ulivyosikia ndivyo.

Sisi tulioingia mle ndani tulitazamana, na hakuna aliyemwambia Mama tulichokiona. Ndiyo maana hawaji kunywa kwetu. Wanaogopa midomo yao.

Kila mtu anamwambia Mama hongera.

Pulmano


Hong Kong, 1 Oktoba 1995

Pulmano,

Nimesoma. Nimekaa na barua yako wiki nzima, naitoa mfukoni naisoma chooni, nairudisha.

Mwache Mama. Usimwambie leo, usimwambie siku yoyote, hata akiwa anakata roho akikuuliza. Nami nikija likizo nitamwambia Baba alijikalisha. Waambie Lawana na wenzake waje wanywe, na kama ulimi utawateleza, wawe wamelewa, hakuna atakayewaamini. Na umwambie Lawana pampu yake haikuwa mbovu na yeye hakuwa mbaya. Hakuna aliyemwambia mita saba. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka nilipochekwa na muuza duka.

Pampu yangu msiiuze. Anayeihitaji aje aichukue.

Nina swali moja, kisha sitakuuliza tena mpaka nife. Tochi yake mapajani. Swichi ilikuwa wapi? Iliwaka mpaka betri ikaisha, au aliizima?

Erminda


Itogon, 29 Oktoba 1995

Dada,

Aliizima.

Alikuwa anatunza betri za kutokea nje.

Pulmano